Waya Ulioishia Kwenye Kona

Binti yangu alipokuwa na miaka sita alijifunza maneno ambayo si mimi niliyemfundisha. "Mama umeganda," alikuwa akisema, kisha anampa baba yake simu na kukimbilia nje kucheza. Kumbe mimi sijaganda. Nimesimama juu ya kiti cha plastiki jikoni kwangu, Dodoma, mkono nimeunyoosha hadi kwenye nondo za dirisha, na ninaongea. Ninamuuliza amekula nini. Ninamuuliza jino limetoka lini. Yeye huko Songea anaona sura yangu imesimama, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, na sauti hakuna.

Nilihamishiwa Dodoma kutoka ofisi ya mkoa, nilikokuwa mtunza kumbukumbu. Nafasi ya kwenda wizarani haiji mara mbili, nami nilikuwa nimeisubiri miaka. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, angeweza kuomba uhamisho anifuate. Lakini mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na mwenyewe alishasema wazi kwamba Songea hatoki akiwa hai. Tukakubaliana nitangulie. Mtoto abaki na baba yake na bibi yake mpaka nipate nyumba, mpaka nizoee kazi, mpaka bibi apate nafuu. Hizo "mpaka" tulizipanga vizuri, tukaziamini.

Nilianzia Makole, chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji wengi. Choo cha kuchangia, maji kwa zamu, na jirani wa ukuta wa pili alikuwa na redio isiyozimwa. Lakini mtandao ulikuwa mzuri ajabu. Nguzo za mtaa ule zilikuwa zimebeba waya hadi zimeinama, na mwenye nyumba alikuwa ameshavuta faiba, intaneti ya waya, kwa ajili ya wanafunzi waliopanga vyumba vya mbele. Kila mpangaji alichangia kidogo. Jioni niliegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, binti yangu akaegemeza ya baba yake kwenye bakuli la mboga, tukala pamoja. Akinyanyua tonge, nami nanyanyua. Mama mkwe, akiwa kwenye kiti chake nyuma yao, alikuwa akiuliza, "Huyo anakula saa hizi, kwani huko bado kuna jua?" Tulikuwa tunacheka wote kwa wakati mmoja. Sikujua kwamba kucheka kwa wakati mmoja nako kunahitaji miundombinu.

Kisha nikapata kiwanja kupitia kazini, upande wa Ntyuka, nikajenga kidogo kidogo. Vyumba viwili, sebule, jiko la ndani. Nilijenga kwa ajili yao. Rangi ya chumba cha mtoto alichagua mwenyewe kwenye simu, zambarau, na fundi alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa lakini akapaka.

Siku ya kuhamia ndipo nilipotambua nimejenga kwenye kivuli cha mawasiliano. Kati ya nyumba yangu na mji kulikuwa na kilima cha mawe, yale mawe makubwa ya Dodoma yaliyopandana kama magunia ghalani. Minara ilikuwa upande wa pili wa kilima. Upande wangu ulikuwa na upepo na vumbi. Simu ilishika vijiti viwili pale dirishani jikoni, ikashika kimoja kando ya tangi la maji, na kwingine kote ndani ya nyumba ile mpya haikushika chochote. Kupiga simu ya kawaida kulikuwa kwa kubahatisha. Video ndiyo ilikuwa inaganda.

Usiku kabla sijalala nilikuwa nikifungua mlango wa kile chumba cha zambarau, nakitazama, naufunga. Chumba kitupu kina harufu yake. Kinanuka rangi hata mwaka ukipita.

Ofisini, Mtumba, intaneti ilitiririka kama bomba lililopasuka. Nikawa nabaki baada ya kazi, wenzangu wakishatoka, nampigia mume wangu kutoka mezani kwangu. Kwa wiki chache nilikuwa mama tena. Nilimsaidia mtoto hesabu za kujumlisha, nikamwona akisoma sentensi yake ya kwanza bila kuweka kidole. Kisha mlinzi, mtu mpole wa makamo, akaja akasimama mlangoni.

"Mama, samahani. Nimeambiwa jengo lifungwe saa kumi na moja. Nimekuacha siku nyingi."

"Dakika tano tu, kaka yangu."

"Mimi ningekuacha hata saa nzima. Lakini wameanza kuuliza taa ya huku inawaka kwa nini."

Nilimwambia binti yangu kwaheri. Alisema, "Lakini leo hujaganda." Nikamwambia leo naenda mwenyewe.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni moja inayouza intaneti ya waya. Binti wa mapokezi aliniuliza nakaa wapi, akaandika, kompyuta ikamletea ramani. Mjini kati kulikuwa na rangi ya kijani tupu. Area D kijani, Makole kijani, barabara ya kwenda Mtumba ilikuwa mstari mnene wa kijani ulionyooka hadi ofisini kwangu. Akasogeza ramani hadi kwangu. Kijani kilifika kwenye kona ya barabara ya lami kikakatika. Kutoka hapo hadi kilimani palikuwa pa kijivu.

"Hapo kwako bado, mama," alisema.

"Lakini kona hiyo naiona nikiwa barazani kwangu!"

"Ndiyo. Ila bado."

Niling'ang'ania, wakanitumia fundi aje atazame. Alikuja na pikipiki Jumamosi asubuhi, kijana aliyeoa karibuni, pete bado inamchezea kidoleni. Alisimama kwenye kona, akatazama boksi jeusi lililoning'inia kwenye nguzo ya mwisho, akautazama mtaa wetu.

"Waya unafuata barabara, dada," alisema. "Barabara ikichongwa na serikali, sisi tunapita pembeni yake, ni rahisi. Ofisi zikiwepo, tunafuata ofisi. Hapa lami imeishia, na chini ni jiwe. Kuchimba jiwe hili ni gharama, kwa hiyo waya ungepita juu, kwenye nguzo. Na nguzo hazisimamishwi kwa ajili ya nyumba moja."

"Mtaa huu una nyumba nyingi. Tazama."

Alitazama. "Nyumba zipo. Watu wapo?"

Nilikuwa nimekaa pale karibu mwaka mzima bila kujua.

"Ukipata majirani wa kutosha wanaotaka," alisema akiwasha pikipiki, "hata nusu tu ya nyumba hizi, niambie. Nitapeleka maombi mwenyewe."

Kwa hiyo nikaanza kugonga mageti. Huko kwetu Songea mtu akihamia, jioni ya kwanza majirani wameshamletea moto na maneno. Hapa tulikuwa tumejenga kuta kwanza, nyumba baadaye. Nilivaa kitenge cha heshima, nikashika simu mkononi kama mtu mwenye shughuli rasmi.

Geti la kwanza lilifunguliwa na mlinzi wa nyumba. Mwenye nyumba yuko Dar, alisema, amejenga atakapostaafu ndipo aje. Geti la pili hivyo hivyo, ila mwenyewe yuko Arusha. La tatu halikufunguliwa, na nilipochungulia, kwenye waya za nguo hakukuwa na kitu. La nne lilikuwa jumba la ghorofa, lina vioo vya bluu, na ndani kulikuwa na mifuko ya saruji na kuku. Nilitembea mtaa mzima. Nyumba nzuri, mabati ya rangi, maua yamepandwa kwa mstari, na watu hakuna. Ndipo nilipoelewa alichouliza yule fundi. Kampuni ilikuwa inangoja watu, na baadhi ya watu, kama nilivyosikia kwa walinzi wao, walikuwa wanangoja huduma zifike ndipo wahamie. Nami nilikuwa katikati ya kungojana huko, na nimeshahamia.

Geti moja lilifunguliwa na mwanamume wa umri wangu, mhasibu, mwenyeji wa Kagera. Nyuma yake niliona televisheni inawaka na sahani moja mezani. Alinikaribisha kwa haraka ya mtu ambaye hajakaribisha muda mrefu, akatafuta kiti cha pili, akakikuta kimebeba nguo za kupiga pasi.

"Intaneti? Niandike mara mbili," alisema. "Watoto wangu wako Bukoba. Mdogo ananiita mjomba."

Alicheka. Mimi nilicheka pia, kisha akazima televisheni ingawa haikuwa na sauti.

Mwisho wa mtaa, pale kilima kinapoanzia, kulikuwa na nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma na zizi la miti. Hapo aliishi bibi wa Kigogo ambaye ardhi yote ile ilikuwa ya ukoo wao kabla ya kupimwa viwanja. Nilikuwa nikimwona akipita na ng'ombe wake na tukisalimiana kwa mbali. Siku hiyo nilibisha hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbukwenyi." Alinisalimu naye kwa Kigogo, akaniangalia. "Wewe ndiye unayesimama dirishani na kunyoosha mkono. Nilidhani unasali."

Nilimweleza. Nilimwambia ninataka waya wa intaneti, na nguzo zikija huenda zikapita ukingoni mwa shamba lake, na ningependa kujua kama atakubali.

"Ni wa nini huo?"

"Nimwone mwanangu, bibi. Yuko Songea."

Alitoa kinyesi cha ng'ombe kwenye kandambili kwa kijiti. "Mimi wa kwangu yuko Dar," alisema. "Saa yake ya kupiga ikifika, nilikuwa napanda kwenye jiwe lile nishike mtandao. Sasa magoti hayataki. Kwa hiyo anapiga, na mimi natazama jiwe." Kisha akasema nguzo zipite, ila mafundi wasiache mashimo wazi, mbuzi wake wasivunjike miguu.

Nilipohesabu waliokubali, hatukufika robo ya mtaa. Nilimpigia fundi. Alisema maombi atayapeleka hata hivyo, na kwa sauti yake nilijua yatafika wapi.

Mwezi wa tano nilitumwa Kondoa kikazi, kukagua utunzaji wa majalada katika ofisi za kata, na safari hiyo ikanifikisha Busi. Barabara ilikuwa ya vumbi, mashamba ya alizeti na mtama pande zote. Nilijua kwamba huko ndiko sitapatikana kabisa, nikamtumia mume wangu ujumbe asihangaike kupiga. Nilishuka garini mbele ya ofisi ya kijiji, simu ikaanza kutetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa. Mnara ulikuwa kilimani, juu kabisa ya kijiji, hakuna cha kuuzuia.

Nilipiga video hapo hapo, nimesimama pembeni ya shamba. Picha ilikuja safi hadi nikaona uzi uliotoka kwenye kola ya sare ya mtoto.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko kijijini. Mbali."

"Basi hamia huko."

Mama mmoja wa Kirangi aliyekuwa akipeta mtama karibu nami alikuwa amesikia yote. Aliniuliza kwa nini nalia. Nilimwambia mjini kwangu mtandao haupo.

"Dodoma mjini? Penye serikali?" Alimgeukia mwenzake wakasemezana kwa Kirangi, kisha akanirudia na kusema kwa upole kabisa, "Dada, sema tu kwamba umemkumbuka mtoto. Si aibu."

Nilifuta macho, nikaingia ofisini kukagua majalada.

Ilikuwa miezi miwili baada ya hapo, msimu wa upepo wa baridi. Jioni moja simu haikushika hata dirishani. Nilijaribu kando ya tangi, nikajaribu barazani, nikaacha. Ilikuwa kawaida. Nilikula, nikapiga pasi, nikalala.

Asubuhi nilitembea hadi kona ya lami kungoja bajaji. Nilipofika chini ya ile nguzo ya mwisho simu ilishika, na jumbe zikaanza kuingia kwa mkupuo, moja juu ya nyingine. Zilizoingia kwanza zilikuwa za watu wa mbali. "Pole sana dada, Mungu awatie nguvu." "Poleni kwa msiba mzito." "Pole mwaya, tuko pamoja." Mwalimu mwenzake mume wangu: "Tumepokea kwa masikitiko."

Hakuna aliyeandika nani.

Nilisimama pale na ulimwengu ukiwa na watu watatu tu, na mmoja wao hayupo, na sijui ni yupi. Nikafungua ujumbe wa mume wangu. Ulikuwa wa sauti. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, hakikufunguka. Nikapiga, namba inatumika. Nikapiga tena, namba inatumika. Bajaji ilikuja, dereva akaniuliza kama naenda, na nikamwambia, "Sijui." Ndivyo nilivyomjibu. Nilikumbuka uzi wa kola. Nilikumbuka kwamba nilikuwa sijamwambia baba yake aukate.

Kisha simu yake ikaita, akapokea, na kabla hajasema kitu nilisikia nyuma yake sauti ya binti yangu akidai viatu vyake.

Nilikaa chini, vumbini, na nguo zangu za kazi.

"Mama ametuacha jana jioni," mume wangu alisema. "Nimekutafuta usiku kucha, mke wangu. Ulikuwa hupatikani."

Nililia, na katika kilio hicho kulikuwa na furaha, na mama mkwe wangu hakustahili hilo. Alinilelea mtoto kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Nilifika Songea kesho yake, watu wakirudi kutoka makaburini, na wakwe zangu wakanipokea vizuri, lakini shangazi mmoja aliniuliza mbele za watu, bila ubaya, kama kweli makao makuu ya nchi mtu anaweza kupigiwa usiku mzima asipatikane. Wote walinigeukia wasikie. Nilieleza habari za kilima, na nguzo, na nyumba tupu. Niliona katika nyuso zao kwamba nilisikika kama mtu anayetafuta kisingizio.

Waya ulifika mtaani kwetu mwaka uliofuata. Si kwa maombi yetu. Kuna kituo cha mafuta kilijengwa mbele ya mtaa wetu, chini ya kilima, barabara ikaongezwa kukifikia, na waya ukafuata barabara, kama yule fundi alivyosema. Nguzo zilipita ukingoni mwa shamba la bibi. Mashimo yalifukiwa vizuri. Mwanawe alimnunulia simu kubwa, na mhasibu wa Kagera alikwenda kumfundisha kupokea. Mimi nilifungiwa intaneti siku ya Jumapili. Fundi alikuwa mwingine. Alibandika kifaa chake ukutani sebuleni, taa zikawaka kijani, akaniambia nijaribu.

Binti yangu alipokea. Alikuwa na miaka tisa. Picha ilitulia kabisa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilimwona akipepesa macho. Shingo ilikuwa imerefuka. Alikuwa na namna ya kukaa ambayo sikuifahamu, goti moja juu, kidevu juu ya goti, kama wasichana wakubwa.

"Umekula nini?" nilimuuliza.

"Wali."

"Shule?"

"Nzuri."

Tukatazamana. Miaka yote ile tulikuwa tumezoea kurushiana maneno mafupi kabla hayajakatika, na sasa hayakukatika, na hatukuwa na marefu. Nilimwonyesha nyumba. Nilitembea na simu hadi kwenye chumba chake.

"Ni zambarau," alisema.

"Ulichagua mwenyewe."

"Lini?" Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayemwuliza mgeni. "Mimi napenda kijani, mama."

Baba yake ameomba uhamisho. Sasa hakuna cha kumzuia, ila shule yake haina mwalimu mwingine wa fizikia, na maombi yamekwenda na kurudi na kwenda tena. Mtoto anakuja likizo ya mwezi wa sita, analala chumbani kwake, anawakosa marafiki zake, anarudi. Nimempakia ukuta mmoja rangi ya kijani.

Siku nyingine tunapiga na kuacha simu wazi. Yeye anafanya kazi za shule, baba yake anasahihisha madaftari, mimi napika. Hatuongei sana. Jana waliitwa na jirani, wakanyanyuka wote wawili wakatoka, wakasahau kwamba nipo. Nilibaki nikitazama sebule yao: kiti cha mama mkwe, pazia linapepea, kalamu ya mtoto inaviringika polepole hadi ukingoni mwa meza na kuanguka. Kwa nje niliwasikia wakicheka jambo fulani. Picha ilikuwa safi, sauti ilikuwa safi. Nilipunguza moto, nikavuta kiti, nikakaa kuwangoja warudi.